Wakili, Chama na Kiti cha Jaji: Uwajibikaji katika Uchaguzi wa Majaji wa Texas

Katika jimbo la Texas, nchini Marekani, wakili anayetaka ujaji wa mahakama ya wilaya hugombea kwa tiketi ya chama. Akishinda mchujo, jina lake huchapwa kwenye karatasi ya kura pamoja na la chama chake, sawa na mgombea ugavana. Utaratibu huu hutetewa kwa hoja ya uwajibikaji: anayeamua juu ya mali na uhuru wa watu sharti awajibike kwao. Makala haya yanaukubali msingi huo lakini yanadai kwamba kura ya kichama haimwajibishi jaji kwa kazi yake mwenyewe.

Kihistoria, kura ilinuiwa kulinda uhuru wa mahakama. Mississippi ilianza kuchagua majaji wake wote mwaka 1832, na New York ikafuata mwaka 1846. Wanamageuzi wengi wa enzi hiyo walitaka kuuondoa ujaji mikononi mwa magavana na wabunge waliogawiana vyeo. Lakini jina la chama lilipoingia kwenye karatasi ya kura, utii uliofukuzwa mlangoni ulirudi kupitia dirishani.

Kaunti ya Harris, lilipo jiji la Houston, inaonyesha matokeo yake. Mwaka 2018, wapiga kura walikabiliwa na msururu wa majina ya wagombea ujaji, huku sheria ikiwaruhusu kukipigia chama kizima kwa alama moja. Wademokrati waliibuka washindi kila mahali waliposhindana na Warepublican. Wanawake weusi 17 walipata ujaji, hatua kubwa kwa mahakama ambazo kwa muda mrefu hazikufanana na jamii zinazozihudumia. Hata hivyo, wimbi hilohilo liliwaondoa majaji wazoefu bila kubagua mchapakazi na mzembe. Hukumu ilikuwa ya chama. Kuanzia uchaguzi wa 2020 alama hiyo moja ilifutwa, lakini jina la chama likabaki kando ya kila mgombea.

Kampeni yenyewe ina utata wake. Mwaka 2002, katika shauri la Republican Party of Minnesota dhidi ya White, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mgombea ujaji hawezi kuzuiwa kutangaza msimamo wake kuhusu masuala ya kisheria yenye utata. Maadili ya majaji wa Texas, kwa upande mwingine, yanamkataza kuahidi jinsi atakavyoamua mashauri. Mgombea hujikuta akiashiria asichoruhusiwa kuahidi, na chama humsaidia kuashiria.

Kisha kuna fedha. Wanaofuatilia chaguzi hizi kwa karibu ni mawakili, na ndio wachangiaji wa kawaida. Sheria ya 1995 iliweka ukomo, kwa mfano dola 5,000 kwa mtu mmoja katika wilaya ya mahakama yenye zaidi ya watu milioni moja. Ukomo hupunguza kiasi, lakini wakili aliyechangia leo bado anaweza kusimama kesho mbele ya jaji yuleyule, huku wakili wa upande wa pili akijua kwamba yeye hakuchanga.

Chris Bonneau na Melinda Gann Hall, katika kitabu chao cha 2009, wanazitetea chaguzi za majaji. Kwa mtazamo wao, jina la chama humpa mpiga kura taarifa, na bila hilo wengi huruka sehemu ya majaji. Hoja hii ni nzito. Hata hivyo, idadi ya waliopiga kura ni kipimo cha ushiriki. Uwajibikaji unahitaji mpiga kura ajue kama jaji huyu huchelewesha mashauri, huwasikiliza wasio na mawakili, au hukumu zake hutenguliwa mara kwa mara.

Mpango wa Missouri wa 1940 unakaribia lengo hilo: tume hupendekeza majina matatu, gavana huteua mmoja, kisha wananchi huamua kwa ndiyo au hapana kama jaji abaki. Wakosoaji husema tume huwapa mawakili wachache nguvu isiyoonekana. Dawa yake ni uwazi. Kenya mwaka 2011 iliwahoji hadharani waombaji wa nafasi ya Jaji Mkuu, akiwemo Willy Mutunga, aliyeipata. Usaili wa wazi ukitangulia kura ya ndiyo au hapana, wananchi watabaki na neno la mwisho, na litamhusu jaji mwenyewe.