Kitabu Kizima: Habari za Kufundisha Kusoma kwa Njia ya Fasihi katika City College ya New York

Katika vyuo vikuu vya Marekani limekuwako kwa muda mrefu darasa ambalo halitajwi sana katika tarikhi za vyuo hivyo, nalo ni darasa la matayarisho. Wanafunzi wake ni watu waliokwisha kukubaliwa chuoni, lakini mitihani yaonyesha kwamba hawajaweza kusoma na kuandika Kiingereza kama itakiwavyo katika masomo ya juu. Makusudi ya insha hii ni kueleza habari za darasa hilo katika City College ya mjini New York, khasa baina ya mwaka 1965 na 1978, na kulitazama swali moja ambalo kila mwalimu wa lugha hana budi kulijibu. Je, mtu asiyesoma vema apewe kwanza vipande vifupi vya kujizoeza, na vitabu vya fasihi vingoje. Au apewe kitabu chenyewe, apate kujifunza kusoma kwa kukisoma?

Wako wanaodhani kwamba darasa hili lilizuka juzi tu, baada ya milango ya vyuo kufunguliwa kwa watu wote. Sivyo. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilipoanza kufundisha, mwaka 1849, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wa darasa la matayarisho, kwa sababu vijana waliokuwa tayari kwa masomo ya chuo hawakutosha. Harvard, kilicho chuo cha zamani kuliko vyote vya nchi ile, kiliweka mtihani wa insha ya Kiingereza mwaka 1874. Mtahiniwa alitakiwa kuandika insha fupi juu ya vitabu alivyoamriwa kuvisoma kabla ya kuja, na miongoni mwake vilikuwamo michezo ya Shakespeare na riwaya ya Scott iitwayo Ivanhoe. Wengi wakashindwa. Hapa yafaa tuangalie kwamba fasihi iliwekwa mlangoni kama kipimo. Aliyekwisha kufundishwa kusoma kwao alipita. Asiyefundishwa alirudi, wala hapakuwa na mtu wa kumwonyesha jinsi kitabu kisomwavyo.

Sheria ya mwaka 1944 ilipowapa askari waliorudi vitani fedha za kusomea, vyuo vilijaa watu wazima walioacha shule siku nyingi. Zamani hizo kusoma kulitazamwa sana kama kazi ya macho. Palikuwa na mashine za kuonyesha maneno kwa sehemu ndogo ya sekunde, ili jicho lizoee kwenda mbio. Palikuwa na saa za kupima mwendo wa msomaji. Na palikuwa na vitabu vya mazoezi, kila ukurasa kipande chake, na chini yake maswali ya kuchagua jibu moja katika manne. Leo kipande kilihusu nyuki, kesho bei ya chuma, kesho kutwa maisha ya jemadari. Mwanafunzi alijifunza kutafuta jibu, akajibu, akafunua ukurasa. Mazoezi hayo hayakukosa faida, lakini hayakumtaka msomaji akumbuke leo alilolisoma jana, wala hayakumpa sababu ya kutaka kujua litakalofuata.

City College kilianzishwa mwaka 1847 kiwe chuo cha watoto wa mji wasio na mali, na kwa miaka zaidi ya mia hakikutoza ada ya masomo. Kimesimama juu ya kilima katika Harlem, mtaa wa watu weusi. Lakini hata kufika miaka ya 1960 watu weusi na watu wa Puerto Rico waliopita mlangoni mwake walikuwa wachache mno. Mwaka 1965 paliundwa mpango wa kuwaingiza baadhi yao na kuwapa masomo ya matayarisho, na mwaka uliofuata mpango huo ukapata jina la SEEK. Walimu waliokuja kufundisha humo walikuwa, wengi wao, watunzi wenyewe: Toni Cade Bambara, June Jordan, Audre Lorde na Adrienne Rich. Msimamizi wao alikuwa Mina Shaughnessy, aliyefika chuoni mwaka 1967.

Aprili 1969 wanafunzi weusi na wa Puerto Rico waliyashika majengo ya chuo kwa muda wa majuma mawili, wakidai, pamoja na mambo mengine, kwamba wanaoingia chuoni wafanane na wanaosoma katika shule za mji. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kikafungua milango: kila aliyemaliza shule ya sekondari mjini aliahidiwa nafasi katika chuo kimojawapo. Wanafunzi wapya wa mwaka ule walikuwa karibu 35,000. Walimu waliozoea kuwafundisha waliokwisha kusoma wakajikuta mbele ya watu waliosoma vitabu vichache sana, na baadhi yao wakasema waziwazi kwamba watu hawa hawafundishiki.

Adrienne Rich, aliyeanza kufundisha hapo mwaka 1968, aliyaeleza mambo hayo katika insha aliyoiandika mwaka 1972. Moja katika vitabu alivyosoma na wanafunzi wake lilikuwa Sons and Lovers, riwaya ya D. H. Lawrence ya mwaka 1913. Mtu aweza kushangaa: yawahusu nini vijana wa Harlem mambo ya mchimba makaa wa Uingereza? Lakini tuitazame lugha ya riwaya ile. Baba asema lahaja ya machimboni. Mama asema Kiingereza cha watu waliosoma. Na watoto wakaa baina ya lugha hizo mbili, wakijua kwamba moja huheshimiwa na nyingine hudharauliwa. Mwanafunzi aliyesema Kispanyola nyumbani, au Kiingereza cha watu weusi, akaambiwa shuleni kila siku kwamba lugha yake ni makosa matupu, hakuhitaji kufasiriwa jambo hilo. Alilijua kabla ya kufungua kitabu. Alilolikosa ni mazoea ya kuliona likiandikwa. Nasi tunaoshughulika na lahaja na Kiswahili sanifu twafahamu jinsi swali hilo liwezavyo kumgusa mtu.

Kwa nini basi kitabu kizima chafundisha kusoma? Kwanza, maneno ya mtunzi mmoja hurudi. Neno lililomkwaza msomaji katika mlango wa kwanza hukutana naye tena katika wa tatu na wa saba, kila mara katika mazingira mengine, hata likawa lake bila kamusi. Pili, taabu kubwa ya kitabu iko mwanzoni, ambapo watu na mahali pote ni pageni. Aliyekwisha kupita kurasa hamsini husoma zilizobaki kwa wepesi zaidi, na wepesi huo humpa moyo. Lakini asomaye vipande huanza upya kila siku, na kila siku ni mgeni. Tatu, riwaya haina jibu moja katika manne. Wanafunzi wawili wakihitilafiana juu ya mama yule, yafaa au haifai alivyowashika wanawe, sharti kila mmoja arudi kitabuni kutafuta maneno ya kumthibitishia; na kurudi huko ndiko kusoma kwenyewe. Louise Rosenblatt alikwisha kulieleza jambo kama hili katika kitabu chake cha mwaka 1938, Literature as Exploration, akisema kwamba maana huzaliwa pale msomaji na maandishi wanapokutana.

Shaughnessy naye alikusanya insha zipatazo 4,000 za wanafunzi walioingia City College katika miaka ya 1970 mpaka 1974, akaandika kitabu chake, Errors and Expectations, kilichotoka mwaka 1977. Alionyesha kwamba makosa ya wanafunzi hao yana mantiki na taratibu zake. Kwamba waandikavyo hivyo si kwa sababu ya upungufu wa akili, bali kwa kuwa ni waanzaji katika lugha ya vitabu, na mwanzaji hujifunza kwa kukosea. Alifariki mwaka 1978. Mwaka 1986 David Bartholomae na Anthony Petrosky wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walieleza darasa lao wenyewe la matayarisho, ambamo wanafunzi walisoma vitabu vizima, wakaandika juu yake, na maandishi yao yakasomwa darasani kwa uzito ule ule uliopewa vitabu.

Haifai kuficha hoja za upande wa pili. Mwaka 1993 Erika Lindemann alisema kwamba mafunzo ya uandishi ya mwaka wa kwanza si mahali pa fasihi, kwa kuwa mwanafunzi ataandika zaidi juu ya sayansi na elimu nyingine. Gary Tate akamjibu kwa kuitetea fasihi. Hoja ya Lindemann ina uzito. Lakini aliyezoea kushika uzi wa maelezo marefu katika riwaya amepata uwezo atakaoutumia hata katika kitabu cha sheria, na uwezo huo haupatikani kwa vipande.

Yaliyoupinga mlango ulio wazi zaidi yalikuwa fedha na siasa. Ada ililetwa mwaka 1976, mji ulipokosa fedha. Mwaka 1998 na 1999 wadhamini wa chuo waliamua madarasa ya matayarisho yaondolewe katika vyuo vya miaka minne, City College kikiwamo. Muda si mrefu kabla ya hapo, mwaka 1997, Marilyn Sternglass alikuwa ametoa matokeo ya uchunguzi wake wa miaka sita juu ya wanafunzi wa chuo hicho hicho. Walioanza nyuma waliendelea mbele, ila walihitaji muda. Mwaka 2023 chuo kikuu kilimaliza kuyaondoa hata katika vyuo vya miaka miwili, na wanafunzi huingizwa katika masomo ya kawaida wakipewa msaada kando.

Huenda mabadiliko hayo yana kheri, maana wengi walikwama katika madarasa yale wasitoke. Lakini kuondoa darasa si kulijibu swali. Mwanafunzi yule yule bado ameketi mbele ya mwalimu, na mwalimu bado hana budi kuchagua atakachomtia mkononi. Habari za City College zatuonyesha kwamba waliopewa kitabu kizima hawakupewa kwa sababu walikuwa wamekwisha kujua kusoma, bali kwa sababu walimu wao waliamini kwamba hakuna njia nyingine ya kujua.