Tiba ya mazungumzo ilivyotoka Philadelphia hadi kwenye benchi la bibi

Usiku wa kuamkia Januari 16, 2022, soko la Mchikichini jijini Dar es Salaam, lile ambalo wengi wetu tunaliita Karume, liliteketea. Kulipokucha, wenye vibanda walikuta mabati yamejikunja na marobota ya mitumba yamekuwa majivu. Kamati iliundwa, hasara ikahesabiwa. Hofu, aibu ya madeni na usiku usio na usingizi havina safu kwenye fomu ya tathmini ya mali.

Mambo hayo yana wataalamu wake, nao ni wanasaikolojia tiba. Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambacho hakiko mbali na Mchikichini, kinawafundisha kwa ngazi ya uzamili. Mojawapo ya nyenzo zao kuu ni tiba ya fikra na tabia. Ilichelewa kutufikia, na sehemu ya sababu ni kwamba kwa miaka mingi wakubwa waliamini Mwafrika haihitaji.

Mwenye imani hiyo aliyesikika zaidi alikaa hapo jirani, Nairobi. J. C. Carothers aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, kwa kuwa hawana mzigo wa kujilaumu kama Wazungu. Aliowaona ni waliofikishwa Mathari, aghalabu kwa sababu wameshindikana nyumbani au wamekamatwa na polisi. Mama aliyejifungia ndani analia kimyakimya hakuna aliyempeleka huko, kwa hiyo kwenye vitabu vya daktari hakuwepo.

Jibu la kisayansi lilitoka Uganda. John Orley na mwenzake John Wing waliwahoji watu majumbani mwao katika vijiji viwili, badala ya kusubiri waletwe hospitalini. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1979: sonona ilikuwa nyingi kwa wanawake wa vijiji hivyo kuliko kwa wanawake wa Camberwell, London. Madai ya Carothers yalikufa hapo, ingawa mabaki yake unayasikia mpaka leo kwa anayesema sonona ni ugonjwa wa wenye nafasi.

Wakati Carothers anaandika, tiba yenyewe ilikuwa inazaliwa kwingine. Mzizi wake mmoja ni wa Kiafrika. Joseph Wolpe, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa daktari katika jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita Kuu ya Pili na akaona dawa haziwasaidii askari waliovurugwa na vita. Akabuni njia ya kumzoesha mtu kidogo kidogo kile anachokiogopa, huku mwili wake umetulizwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1958.

Mzizi mwingine ni Aaron Beck. Alizaliwa mwaka 1921 mjini Providence, Marekani, kwa wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Ukraine. Mama yake alizama kwenye huzuni baada ya kufiwa na watoto. Beck mwenyewe, akiwa mdogo, alivunjika mkono, kidonda kikaoza, akanusurika kufa. Akabaki na hofu ya damu na majeraha. Kijana wa namna hiyo angekimbia udaktari, lakini yeye aliufuata na kujilazimisha kusimama karibu na kile kilichomtisha hadi hofu ikapungua.

Alisomea uchambuzi wa nafsi wa akina Freud, mgonjwa akilala kwenye kochi na kuongea lolote linalomjia. Siku moja huko Philadelphia mgonjwa alikuwa akimsimulia mambo yake ya faragha, na wasiwasi ukimzidi. Kwa mafunzo yake, Beck angesema wasiwasi unatokana na mambo yenyewe. Alipomuuliza, mama yule akasema alikuwa anawaza kwamba anamchosha daktari. Kumbe chini ya maneno aliyoyatamka palikuwa na sauti nyingine ikimhukumu, na hajawahi kuulizwa habari zake. Kwangu mimi historia nzima ya tiba hii imo kwenye swali hilo. Mwaka 1961 Beck alichapisha dodoso la kupima sonona, na mwaka 1979 yeye na wenzake wakatoa kitabu cha kuitibu. Alifariki Novemba 2021 akiwa na miaka 100.

Tuilete Karume. Chukua mama anayeuza nguo za watoto. Kafungua robota alilolikopea fedha, kakuta nusu ya mzigo imetoboka. Wazo linaingia papo hapo: nyota yangu imefifia, biashara si riziki yangu. Kesho yake hafungui kibanda. Keshokutwa yule wa mikopo ya kausha damu anagonga mlango, na wazo limejipatia shahidi. Mwanasaikolojia hamwambii ajipe moyo. Anamuuliza: “Mama, robota la mwisho kukulipa vizuri lilikuwa lini? Wenzio walionunua siku ile, wao walipata nini?” Kisha anampa kazi ya nyumbani: afungue kibanda kwa saa mbili tu asubuhi, aandike alichouza, warudi kuyatazama maandishi pamoja. Ni kazi ya wiki kadhaa, na daftari lina uzito kuliko hotuba.

Deni, hata hivyo, halifutwi kwa fikra njema. Hapo ndipo Mwafrika mwingine alipoongeza lake. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari bingwa wa afya ya akili wa Zimbabwe, alianza na bibi 14 huko Mbare, mtaa wa Harare wenye soko kubwa kama letu. Wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wanamsaidia kuchagua tatizo moja na kupanga hatua ya kulikabili, tiba iliyo ndugu wa ile ya Beck. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliopita kwenye benchi, na karibu asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nayo ilishalipokea benchi hilo.

Tanzania Bara tulikuwa na jaribio la kwetu. Moshi vijijini na mjini, pamoja na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi walihusishwa katika utafiti wa tiba ya fikra na tabia kwa wenye kiwewe. Watoa tiba walikuwa washauri wa kawaida waliopewa mafunzo, bila shahada ya saikolojia. Matokeo yalitoka mwaka 2020: mara baada ya tiba, watoto walioipata walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida, katika sehemu tatu kati ya nne. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilidumu Kenya. Kwa upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu sawa. Wanaoitangaza tiba hii kama muujiza wasiiruke sentensi hiyo ya mwisho.

Hata hivyo njia ipo wazi. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Wanafundishwa lishe, uzazi na magonjwa ya kuambukiza. Wizara ya Afya iwape pia somo la benchi, wanasaikolojia wa Muhimbili wawe wasimamizi wao, na Halmashauri ya Jiji iwatengee wa Mchikichini chumba kimoja sokoni, chenye mlango unaofungika.