Chanjo ya HPV inatibu saratani? (Sehemu ya 4)

Mama zangu, swali lenu limejirudia sana: "Nesi, ile chanjo ya HPV ya mabinti si inatibu pia?" Hapana. Ile inazuia virusi visiingie. Vikishaingia, haiviondoi.

Ya kutibu ina historia yake. Mwaka 1991 huko Brussels, timu ya Thierry Boon iligundua jeni ya kwanza inayoipa seli ya saratani alama ambayo askari wa kinga wanaitambua. Alama yenyewe ni kipande kidogo tu cha protini, kinaitwa peptidi. Watafiti wakaona: tuvitengeneze maabara, tumchome mgonjwa, kinga yake imjue adui.

Mwaka 2009 madaktari wa Leiden, Uholanzi, walitoa matokeo ya wanawake 20 waliokuwa na mabadiliko ya awali ya saratani sehemu ya nje ya uke, yaliyoletwa na HPV aina ya 16. Walichomwa peptidi za kirusi hicho mara 3 au 4. Baada ya miezi 12, kati ya 19 waliofuatiliwa, 9 walipona kabisa! Mimi hapo nilisisimka.

Ila kwa wenye saratani iliyokomaa, chanjo hiyohiyo peke yake haikupunguza uvimbe. Na kliniki zetu hazina chanjo hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa kipimo cha shingo ya kizazi kimeonyesha mabadiliko, rudi tarehe uliyopangiwa, usiisubiri.