Doa Ndani ya Seli, Hukumu Uwanjani

Mwaka 1949, Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram walikuwa wakichunguza seli za mishipa ya fahamu ya paka huko London, si ile ya Uingereza bali ya jimbo la Ontario, Kanada. Waligundua kwamba ndani ya kiini cha seli za paka jike mna doa jeusi ambalo dume hana. Hawakuwa wakitafuta tofauti za jinsi hata kidogo.

Maelezo yalipatikana mwaka 1961. Mary Lyon, mtaalamu wa jenetiki Mwingereza, aliyatazama mabaka ya manyoya ya panya jike, akatoa hoja kwamba katika kila seli mojawapo ya kromosomu mbili za X huzimwa mapema, kwa bahati nasibu. Doa lile ndilo X iliyozimwa. Mwili wa mwanamke, kwa hiyo, ni kama mkeka wa rangi mbili: seli hii hutumia X ya baba, nyingine X ya mama. Na kuzimwa kwenyewe si kamili. Utafiti wa Carrel na Willard wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba takriban asilimia 15 ya jeni za X hiyo huendelea kufanya kazi.

Wakuu wa michezo hawakusubiri. Kuanzia Olimpiki za 1968 walipima seli za shavu za wanariadha wanawake, wakilitafuta doa. Lakini doa hudokeza idadi ya X tu. Halisemi jeni ipi inafanya kazi. Mwanamke aliyezaliwa na X moja hana doa, na mwanamume mwenye XXY analo!

María José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Uhispania, alikutwa hana doa huko Kobe mwaka 1985. Alikuwa na X na Y, ila mwili wake hauitikii homoni za kiume. Y ilikuwepo, amri yake haikupokelewa. Alinyang'anywa rekodi zake na ufadhili wa masomo, na siri ya mwili wake ikaanikwa magazetini. Alirejeshewa haki ya kushindana mwaka 1988, miaka bora ya mkimbiaji ikiwa imekwisha kupita.

Olimpiki ziliacha kuwapima wanawake wote mwaka 1999. Mwaka 2025 Shirikisho la Riadha Duniani lilirejesha upimaji, safari hii likitafuta jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye Y. Msichana wa Iten anayetaka kukimbia mashindano ya dunia atatoa sampuli kwanza.