Karandinga Letu: Kutoka Kubeba Watuhumiwa hadi Kujenga Wodi

Ndugu zetu wa nyumbani, mlioko mjini na mlioko milimani,

Wengi mmeuliza kwa nini mwaka huu tumeuza lile Land Rover lililolala nyuma ya ghala la kahawa. Tunawajibu kwa kuanzia mbali kidogo.

Mwaka 1945, Wapare walipokwenda kwa maelfu hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, Land Rover ilikuwa haijazaliwa. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Kiwanda cha Rover cha Uingereza kiliipa bodi ya aloi ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Kwa kuwa huvuta kwa magurudumu yote manne, ilifaa barabara kama zetu, na polisi wakaipenda, kabla ya Uhuru na baada yake.

Letu lilikuwa lile refu la inchi 109, lenye mabenchi nyuma. Wazee walilijua kwa jina moja tu: karandinga. Likisikika linapanda kona, vijana walikimbilia migombani. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye miche michache ya sabuni hakupata usingizi. Lilipochakaa likapigwa mnada, na wazee wetu wakachanga wakalinunua libebe wagonjwa. Mabenchi yaliyokaliwa na watuhumiwa yakalaliwa na akina mama wenye uchungu. Baadhi yenu mama zenu walishushwa nalo usiku wa mvua.

Halafu injini ikafa, na mnunuzi wa chuma chakavu akaja na mizani yake. Sisi wa kamati ya fedha tulikaribia kukubali. Vitabuni tulikwisha kuliandika sifuri. Fundi mmoja mzee ndiye aliyetuzuia. Alikwangua rangi ya mlango, herufi za POLISI zikajitokeza. Akatueleza kwamba bodi ya alumini haiozi kama chuma, bali chesi ndiyo huliwa na kutu. Akaiunga chesi, akabadilisha springi, akaifungua injini yote. Mlango akakataza usipakwe rangi, kwani wapenzi wa magari ya kale hulipia vitu vya asili.

Kazi yetu wahasibu ilikuwa karatasi, maana gari lisilo na karatasi ni chuma tu. Stakabadhi ya mnada tuliikuta sandukuni kwa mjane wa mweka hazina wetu wa kwanza. Alitupa, lakini akatuuliza: "Mkishaliuza, wajukuu mtawaonyesha nini?"

Swali hilo lilituchelewesha. Mkutano mkuu ukaamua liuzwe, ila benchi moja libaki, na mnunuzi akaridhia. Litawekwa mlangoni mwa wodi ya wazazi, akina mama wakalie wakisubiri.

Fedha za gari zimetosha msingi, kuta na paa. Bado milango, vitanda na tangi la maji. Hesabu kamili, pamoja na malipo ya fundi, ziko ukurasa wa mwisho, tafadhali zikagueni.

Wazee wetu walilinunua karandinga kwa fedha ya kahawa tu. Sisi wenye mishahara tusiiache wodi bila milango.