Tarikhi ya Nguo Mbichi Katika Nyumba za Waingereza

Watu wa pwani, ambao isipokuwa siku za masika huanika nguo asubuhi wakazianua kabla ya adhuhuri, aghalabu hustaajabu waambiwapo kwamba Uingereza kuna mashine ya kuteka maji katika hewa ya chumba, na kwamba mwenye nyumba huiweka chini ya nguo zilizotundikwa sebuleni, kisha jioni akamwaga maji yaliyojaa katika kidumu chake. Lakini mashine hiyo, ambayo ndugu zetu waliohamia huko wameizoea, ni jawabu la mwisho la suali la zamani: maji ya nguo yaende wapi, ikiwa mvua hainyamazi?

Mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia Liverpool, mwanamke fakiri mzaliwa wa Ireland, Kitty Wilkinson, ndiye aliyekuwa na chombo cha kuchemshia maji mtaani mwake, naye akawafungulia jirani zake jiko na ua wafue nguo na matandiko ya wagonjwa, kwa peni moja kwa juma. Kazi yake ikawazindua wakubwa wa mji, wakajenga katika Frederick Street, mwaka 1842, nyumba ya kufulia ya hadhara, ya kwanza nchini, na mwaka 1846 Bunge likapitisha sheria ya kuziruhusu serikali za miji kujenga mfano wake. Katika nyumba hizo, zilipoenea, mwanamke alivuta fremu ya chuma kutoka ukutani, akatundika shuka zake, akaisukuma ndani zipigwe na hewa ya moto. Na kwa rai yangu hakuna tadbiri iliyopata kuishinda hiyo, maana mvuke wote ulibaki katika jengo asimolala mtu.

Asiyekwenda huko alitundika nguo katika vijiti vilivyopandishwa darini kwa kamba, juu ya meko ya makaa ya mawe. Moto ule ulifanya kazi mbili, nayo ya pili haikushukuriwa na mtu: pamoja na kupasha joto, ulivuta hewa ya chumba na mvuke wake ukaipandisha katika dohani. Baada ya moshi mzito ulioua maelfu ya watu London mwezi wa Desemba 1952, ikatungwa sheria ya hewa safi ya 1956, na makaa yakaanza kuachwa. Dohani zikazibwa, na bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 watu wakazidi kuziba nyufa na madirisha, hata rutuba ya nguo, iliyozoea kutoka yenyewe, ikabaki ukutani ikageuka kuvu.

Dawa yake ilikuwa imekwisha buniwa zamani, wala si kwa ajili ya nguo. Mwaka 1902 Willis Carrier, mhandisi wa miaka 25, alitakiwa aisaidie kampuni moja ya kupiga chapa huko Brooklyn, Marekani, ambako karatasi zilivimba na kunywea kwa unyevu hata rangi zikakosa kukutana mahali pake. Naye katika mabomba yaliyozoea kupitisha mvuke wa moto akapitisha maji baridi, unyevu wa hewa ukageuka maji juu yake ukadondoka.

Mashine nyingi za leo hufuata kanuni hiyo, kwa mtambo kama wa jokofu, nazo ni hodari katika chumba chenye joto. Bali chumba kikipoa, mabomba hufanya barafu, ikawa mashine haina budi kusita barafu hiyo ipate kuyeyuka. Ziko nyingine zenye gurudumu la zeolaiti, madini yanayonyonya unyevu, ambayo hukaushwa kwa joto yakanyonya tena. Hizi hula umeme zaidi, lakini baridi haizisumbui, na hewa inayotoka hupasha chumba.

Mnunuzi, basi, asighurike na hesabu ya lita iliyoandikwa juu ya sanduku, kwani aghalabu ile ya jokofu hupimwa katika chumba cha nyuzi 30 za joto chenye unyevu wa asilimia 80, hali ambayo ni ya Tanga mwezi wa Aprili, si ya Leeds mwezi wa Januari. Mwenye chumba cha nyuma kisicho moto na achukue ya zeolaiti, afunge mlango na dirisha, ingawa bili ya umeme itamuuma.