Kenya Ilianza na Simu. Tovuti Yako Inaanza na Nini?

Kuna msee anafungua biashara, analipa dizaina, anapewa tovuti safi kabisa kwa laptopu. Halafu ukiifungua kwa simu ni picha moja kubwa ya watu wanacheka ofisini, maandishi madogo kama ya karatasi ya dawa, na namba ya kupiga imefichwa huko chini kabisa. Ukiuliza unaambiwa, "Ya simu tutarekebisha baadaye." Manze, hiyo "baadaye" inapingana na historia yetu yenyewe. Wacha tuipitie.

Tuanze na simu ya mezani. Enzi za KPTC, kupata laini nyumbani ilikuwa shughuli. Watu waliandika maombi na kungoja miaka. Wengi walizaliwa, wakasoma, wakaoa, bila kuwahi kuwa na simu kwao. Shirika hilo likavunjwa 1999, na mwaka 2000 Safaricom na KenCell, ile leo tunaita Airtel, zikaanza kupigania wateja. Mtu ambaye hakuwahi kuona waya wa simu ukiingia kwake akanunua laini, akakwangua kadi ya kredo, akaongea. Simu ya mezani aliiruka tu.

Kompyuta nayo tuliiruka hivyo hivyo. Miaka ya 2000 ilikuwa kitu cha ofisi na saiba, unalipia kwa dakika huku jicho liko kwa saa. Intaneti yenyewe ilitegemea setilaiti, ghali na polepole, hadi 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika Mombasa. Wakati huo wote simu ilikuwa tayari mfukoni, hata kama ni mulika mwizi ya Nokia yenye tochi.

Na mulika mwizi haikuwa mchezo. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, ikitumia menyu ya laini, bila intaneti. iPhone ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani Juni mwaka huo huo. Yaani wenzetu wakipanga foleni kununua skrini ya kugusa, hapa watu walikuwa tayari wanatuma pesa ushago kwa kubonyeza namba. Angalia pia vile menyu hiyo ilipangwa. Skrini ni ndogo, kwa hivyo kila hatua inauliza kitu kimoja. Namba. Kiasi. PIN. Thibitisha. Mapambo hayakuwa na pa kukaa.

Novemba 2009, dizaina Mmarekani Luke Wroblewski aliandika kwamba tovuti ibuniwe kwa simu kwanza, kisha ndiyo ipanuliwe kwa kompyuta. Mwaka 2011 akaitolea kitabu. Hoja yake moja ni kwamba skrini ndogo inakulazimisha uchague. Huwezi kuweka vitu ishirini, kwa hivyo unabaki na vile mteja alifuata. Kwa watu waliozoea skrini kubwa, hilo lilikuwa jambo la kubishania. Kwa mtu aliyezoea menyu ya M-Pesa, hiyo ilikuwa Jumatatu ya kawaida.

Kisha simu janja zikashuka bei. Mwaka 2011 Safaricom ikaleta Huawei IDEOS, Android ya karibu shilingi 8,000, na watu wakaanza kupata kompyuta yao ya kwanza bila kuiita kompyuta. Duniani pia mizani ikageuka. Oktoba 2016 StatCounter ilionyesha kwa mara ya kwanza kwamba simu na tableti zimeipita kompyuta kwa kubrauzi. Mwezi uliofuata Google ikatangaza kwamba inaelekea kuzisoma tovuti kupitia sura yake ya simu. Maana yake, kitu ukikiweka kwa laptopu na kukiondoa kwa simu, Google inaweza kukichukulia kama hakipo.

Sasa mbona bado tunaanza na laptopu? Maoni yangu ni kwamba anayelipia tovuti na anayeitumia ni watu wawili tofauti. Bosi anaonyeshwa kazi kwa projekta, waifai ya ofisi iko, anapiga makofi. Mteja yuko kwa matatu Thika Road, kioo cha simu kimepasuka, jua linachoma, na data ni yake. Kama amebakisha MB 50 na ukurasa wako una MB 5, umekula sehemu moja ya kumi kabla hajaona bei. Akitoka hapo aende kwa yule anauza kwa WhatsApp, hajakosea.

Halafu kuna malipo. Kwetu hata mtu akinunua kwa laptopu na kulipa kwa M-Pesa, PIN anaiweka kwa simu. Ukimlazimisha anakili namba ya Paybill na ya akaunti, aende kwa menyu, arudi apate ukurasa umeanza upya, umempoteza akiwa na pesa mkononi.

Kuna wale watasema tovuti za siku hizi zinajipanga zenyewe kulingana na skrini. Ni kweli. Ethan Marcotte alieleza mbinu hiyo 2010 na ni poa. Lakini kupunguza ukubwa si kuchagua. Fomu ya maswali 12 ikibanwa kwa simu bado ina maswali 12, na picha nzito ikionekana ndogo bado inaweza kula data ile ile.

Pia sisemi laptopu itupwe. Kama unauzia kampuni programu ya uhasibu, mteja wako huenda yuko ofisini na skrini kubwa, analinganisha majedwali. Angalia takwimu zako: wanaoingia wanatumia kifaa gani, na wanaonunua je? Ila soma kwa makini. Ukikuta wageni wengi ni wa simu na wanunuzi wengi ni wa laptopu, usikimbilie kusema watu wa simu hawana doo. Inawezekana tovuti ndiyo imewafungia mlango.

Kwa hivyo kama uko karibu kulipa dizaina, weka sharti moja kwa makubaliano: kazi ya kwanza kuonyeshwa iwe ya simu. Muifungue kwa simu ya bei ya kawaida, waifai ikiwa imezimwa. Mteja aone unauza nini, ni pesa ngapi, ampigie nani, na aweze kulipa. Hayo manne yakikubali, ndiyo muanze stori ya laptopu.